Mkalimani kati ya Mama na Bibi

Mama yangu alizaliwa kisiwani Ukerewe, baba yangu alizaliwa Nkololo, na mimi nilizaliwa Maswa mjini, jirani na kiwanda cha kuchambua pamba ambako baba alikuwa fundi wa mashine. Mama hakujua Kisukuma cha kutosha na baba hakujua Kikerewe hata kidogo, kwa hiyo nyumbani tulizungumza Kiswahili. Mama nilimwita mama, baba nilimwita baba, kama watoto wote wa nyumba za kiwanda.

Nyumba yetu ilikuwa ya maneno mengi. Mama aliongea akipika, akifua, akimnyonyesha mdogo wangu wa kiume. Aliongea nasi hata tulipokuwa hatumjibu. Msimu wa pamba baba alirudi jioni na nyusi nyeupe kwa vumbi la nyuzi, na mama alimpangusa kwa pindo la khanga huku akimwita mzee wangu. Mimi nilisubiri zamu yangu ya kupanguswa ingawa sikuwa na vumbi.

Kisha zikaja siku za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni ikajaa madukani, mitumba ikamwagwa sokoni, na watu walifurahi, na sisi tulifurahi. Lakini kiwandani mashine moja ilisimama kwa kukosa kipuri, halafu ya pili. Ilisemwa kwamba ushirika uliomiliki kiwanda umechoka na kwamba watakuja wanunuzi binafsi. Wafanyakazi wakaanza kupunguzwa. Siku ya baba naikumbuka kwa sababu alirudi mchana, na nyusi zake zilikuwa nyeusi.

Alikaa nyumbani miezi michache akitengeneza baiskeli za watu, halafu akaamua kwenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Tulimsindikiza Malampaka kupanda treni ya Mwanza. Aliniambia nimsaidie mama. Nilikuwa na miaka minane. Barua zake mbili zililetwa kwa mkono na watu waliopita, na baada ya hapo hazikuja tena.

Nyumba ya kiwanda tuliambiwa tuihame. Mama alikuwa na dada yake Lamadi, kandokando ya ziwa, aliyekuwa akikausha dagaa na kuuza, na huyo dada alimwambia aje wafanye kazi pamoja. Alikuwa na chumba kimoja tu. Mdogo wangu alikuwa bado ananyonya, hangeweza kuachwa. Mimi ningeweza.

Tulipanda lori mpaka Bariadi, na lingine mpaka Nkololo, kwa mama yake baba. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, nikiwa mdogo. Alikuwa mjane, mrefu, mkavu wa mwili, anaishi peke yake katika boma lililokuwa na nyumba tatu na mbili zikiwa tupu, kwa sababu watoto wake wote walikuwa wamehama. Ng'ombe wake wachache walichungwa pamoja na wa jirani. Alipokea furushi la nguo zangu, akaliweka ndani, akatoka, akaketi. Yeye na mama hawakuwa na lugha ya kuzungumzia. Mama alisema maneno machache ya Kisukuma alichojua, bibi akaitikia kwa kichwa.

Mama aliniambia, "Nitakuja kukuchukua pamba ikivunwa." Kisha akasema ana kiu, nikamletee maji ya kunywa.

Niliingia ndani, nikatafuta mtungi, nikachota kwa kata. Nilipotoka mama hakuwepo pale alipokuwa amekaa. Alikuwa mbali kwenye njia, anatembea haraka, na kichwa cha mdogo wangu kilikuwa kinatikisika mgongoni kwake. Sikumkimbilia. Nilisimama nimeshika maji, nikifikiri labda atageuka. Bibi alinijia, akaichukua ile kata mkononi mwangu, akanywa maji yote, akanirudishia.

Kesho yake nilimwita "bibi" na hakugeuka. Jirani aliyekuwa akipita alicheka, akanieleza kwa Kiswahili chake kwamba huku mzazi wa kike wa baba yako huitwa mama. Yule aliyekuzaa huitwa mayu. Nilijaribu kulisema lile neno mama nikimtazama bibi na likatoka vibaya. Lakini kulikuwa na tatizo kubwa zaidi ambalo sikuweza kumweleza mtu. Nilipouliza, "Mama yuko wapi?" watu walinionyesha bibi. Nilipouliza tena walinionyesha tena, na wengine waliniangalia kama mtoto asiye na akili timamu. Mayu kwangu hakuwa mtu. Lilikuwa neno nililolisikia jana. Nikaacha kuuliza. Na kwa kuwa sikuwa na kitu kingine nilichotaka kukijua, nikaacha kusema kabisa.

Leo nasikia watu wakieleza jambo kama hili kwa maneno ya kitaalamu. Wakati ule halikuwa na jina. Mwalimu wa darasa la pili aliniuliza jina langu mbele ya wenzangu, nikanyamaza. Aliuliza mara ya pili. Alidhani namdharau kwa kuwa nimetoka mjini, akanichapa viboko viwili mkononi. Sikulia, na hilo lilimuudhi zaidi. Baada ya wiki kadhaa alichoka, akanikalisha nyuma. Nilisoma, niliandika, nilipata vema kwenye daftari, ila sauti sikuwa nayo. Watoto waliniita bubu, kwanza kwa kunitania, kisha kama jina la kawaida, bila ubaya wowote, na nililiitikia kwa kugeuka.

Wanawake wa kanisani walimfuata bibi, wakamwambia aniombee. Wengine walimwambia anipeleke kwa mganga, kwa sababu mtoto hawezi kukatika sauti bure. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya nyumba nikipanga michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na nilikuwa nimeshaanza kukielewa Kisukuma. Nilimsikia akijibu.

"Huyu amechoka. Akishapumzika atasema."

Mwaka wa kwanza ulipita hivyo. Sidhani kama bibi aliwahi kunikumbatia. Kwa watu wake, mtoto wa umri wangu hakumbatiwi. Mtoto husalimu kwa kuchuchumaa, macho chini, na mkubwa akishaitikia salamu hutumwa kazi. Hakunisimulia hadithi wala hakuniuliza nimeshindaje. Lakini mto ulipojaa alinisindikiza mpaka ng'ambo akinishika kifundo cha mkono. Hakunishika kiganja. Alinikamata kifundo, kwa nguvu, kama anavyokamatwa ndama, mpaka nikabaki na alama za vidole. Kulala, alilala kati yangu na mlango. Maziwa ya mgando yakiwa machache yeye alisema hana njaa. Haya yote niliyaona bila kuyaelewa. Nilikuwa mtoto wa nyumba ya maneno, na nilisubiri maneno.

Pamba ilivunwa, mama hakuja. Tulirundika pamba kwenye mkeka, ubavuni mwa nyumba penye kivuli, tukawa tunaichagua mchana baada ya shule. Ile nyeupe isiyo na doa huitwa safi, na ile yenye manjano au iliyoliwa na wadudu huitwa fifi, na kila moja ilipimwa na kununuliwa peke yake. Bibi alikuwa maarufu kwa jambo hilo. Alitoa kila kipande cha jani kwa kucha. Siku nyingi alichagua huku na mimi nachagua, kimya, mpaka siku moja akaniinulia kitonge mbele ya uso.

"Hii ni nini, safi au fifi?"

Kilikuwa na doa dogo upande wa ndani. Angeweza kuona mwenyewe. Nilionyesha kwa kidole lile rundo la fifi. Hakukishusha. Mkono wake ulibaki juu, na hakunitazama, alitazama tu kile kitonge. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Kuku walikuja wakapita.

"Fifi," nikasema.

Alikitupa kwenye rundo lake, akaendelea na kazi. Hakumwita jirani, hakunisifu. Baadaye kidogo akainua kingine, akauliza tena, nikajibu tena. Siku ile nilisema maneno hayo mawili labda mara hamsini, na kwa wiki nzima hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu yote. Ndivyo nilivyorudi kusema, kwa Kisukuma na kwa habari za pamba.

Msimu uliofuata walifika wanunuzi wapya kwa lori lao wenyewe. Walinunua kila kitu kwa pamoja, hawakuuliza safi wala fifi. Majirani walifurahi, wakaacha kuchagua, na wapo walionyunyiza maji ili mizigo iwe mizito. Bibi alipeleka mafungu yake mawili. Kijana wa mnunuzi aliyafungua yote, akayamwaga ndani ya gunia moja, akakanyagia kwa miguu. Bibi alitazama mpaka mwisho.

"Mimi nilichagua," akasema.

"Hakuna shida, bibi," yule kijana akamjibu.

Msimu wa tatu tulikaa tena ubavuni mwa nyumba, tukachagua kama zamani, wakati wenzetu walikuwa wameshamaliza kuuza na kupumzika. Sikumuuliza kwa nini. Nilikuwa nimeshakuwa mtoto wake, na watoto wake hawakuuliza.

Mama alikuja baada ya mavuno hayo ya tatu. Ilikuwa mchana, nilikuwa nje natandaza michembe juu ya mwamba. Nikamwona mwanamke amevaa gauni la mtumba lenye maua makubwa, ameongozana na mtoto wa kiume wa miaka minne hivi aliyevaa viatu. Nilichuchumaa, nikainamisha macho, nikamsalimu kama anavyosalimiwa mwanamke yeyote mtu mzima anayeingia nyumbani kwa watu.

"Mwadila, mayu."

Hakuitikia. Nilingoja, kwa sababu ni vibaya kuinuka kabla hujaitikiwa. Kisha nikasikia Kiswahili.

"Mimi ni mama yako."

Nilikuwa nimeshamjua kabla hajasema. Nilimjua kwa miguu, tangu nikiwa nimeinama. Lakini mwili wangu ulikuwa umeshafanya ulichofundishwa kufanya mgeni anapofika, na ukaendelea hivyohivyo. Niligeuka kuelekea ndani nikaita, "Mama, kuna mgeni."

Bibi akatoka. Mama aliketi pale chini kwenye mwamba, juu ya michembe, akafunika uso kwa viganja. Mdogo wangu alinitazama akauliza, "Mama analia nini?" na sikujua kama anamuuliza bibi au mimi.

Lamadi ilikuwa na kelele kuliko Maswa. Mama mkubwa, yule dada yake, alikuwa mnene na mwenye kicheko kilichosikika mpaka kwenye mitumbwi. Watoto wa pale walipanda mapajani kwa wakubwa, walijibishana nao, walichapwa na kanda mbili na dakika ileile wakabebwa na kubusiwa. Mdogo wangu alikuwa amekulia humo. Alilala amemkumbatia mama shingoni, na alimwambia kila kitu, hata alichoota. Alikuwa na tabia moja tu iliyonishangaza, nayo ni kwamba hakuweza kukaa mahali peke yake. Mama akienda hata chooni, yeye alisimama mlangoni akimwita mpaka atoke.

Mama alijaribu kwangu pia, na ninataka niseme hilo wazi. Aliniogesha mwenyewe ingawa nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Aliniuliza kila jioni nimeshindaje. Nilimjibu, "Vizuri." Alinivuta karibu yake kwenye mkeka, na mgongo wangu ukakakamaa kama ubao. Sikutaka ukakamae. Nilijiambia legea, legea, na haukulegea. Baada ya muda aliondoa mkono wake polepole, akijifanya ameuhitaji kwa kujikuna.

Siku moja tulikuwa tunageuza dagaa juani, mimi upande huu, wao upande ule.

"Huyu mtoto wamemkausha kama hawa dagaa," mama mkubwa alisema.

"Yule mama mkwe alimnyima maneno," mama akajibu. "Miaka mitatu hakuna aliyezungumza naye. Ndiyo maana."

Ningeweza kuwaambia kwamba haikuwa hivyo. Ningesema, nilipoteza sauti na bibi akanirudishia. Lakini ningelazimika kueleza ilipokuwa imepotelea, na mama alikuwa amesimama pale kwenye jua amejifunga khanga kiunoni, mikono yake imechanika kwa chumvi na magamba, kwa ajili yetu. Niligeuza dagaa.

Nilikuwa darasa la saba habari zilipofika kwamba bibi anaumwa. Mama alisema twende wote wawili. Sidhani alikwenda kwa upendo. Nadhani alikuwa na swali alilokuwa amelibeba kwa muda mrefu. Tulipanda lori la samaki mpaka Bariadi, tukalala kwa watu wa kanisani, na asubuhi tukapata usafiri wa Nkololo.

Bibi alikuwa amelala kitandani, miguu imevimba. Nilichuchumaa nikamsalimu. Aliitikia, akaninyooshea mkono, akanishika kifundo cha mkono palepale pa zamani, na hakuniachia tena muda wote tuliozungumza. Mama alikaa kwenye kigoda upande wa pili. Kisukuma chake kilikuwa kilekile kidogo, na bibi Kiswahili alikijua cha sokoni tu. Ikabidi mimi niwe mkalimani.

"Mwambie nimekuja kumwona," mama alisema, "na nimemletea samaki."

Nikamwambia.

"Mwambie nashukuru," bibi alisema. "Mwambie mtoto amenenepa."

Nikamwambia mama. Alitabasamu kidogo. Kisha akanyoosha mgongo.

"Sasa mwulize alimfanya nini mtoto wangu."

Vidole vya bibi vilikuwa vya moto kwenye mkono wangu. Nilimgeukia nikasema, "Anauliza nilikuwaje nilipoishi hapa."

Bibi alifumba macho. Alizungumza taratibu, akipumzika katikati.

"Alifika akaacha kusema. Mwaka mzima hakusema na mtu. Shuleni walimpiga, watu wakaniambia nimpeleke kwa mganga. Sikumpeleka. Nilikaa naye. Nilikuwa nikimsikia usingizini akiita, na aliita kwa Kiswahili, kwa hiyo nilijua si mimi anayeniita."

Sikuwa nimelijua hilo. Mama alikuwa ananitazama, anangoja.

"Anasema nilikuwa mpole," nikasema.

"Maneno yote hayo ni hilo tu?"

"Ndiyo."

Bibi akafumbua macho, akamtazama mama moja kwa moja, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

"Mwulize, siku ile kwa nini alimtuma mtoto maji halafu asiyanywe."

Miaka yote mitano nilidhani hakuna mtu mwingine anayelijua lile. Nilidhani bibi aliichukua ile kata kwa sababu alikuwa na kiu. Kwa muda niliogopa kwamba sauti itakatika tena, palepale, mbele ya wote wawili.

"Anauliza kama tulipata maji ya kunywa njiani," nikamwambia mama.

"Mwambie tulipata."

Bibi alingoja jibu lake. Ilibidi nimpe jibu la swali alilouliza, na sikuwa nalo, kwa kuwa sikuwahi kumuuliza mama. Nikamtungia.

"Anasema alishindwa kuniaga. Anasema angeniaga asingeweza kuondoka."

Bibi alifumba macho tena. "Mwambie namwelewa," akasema. "Mimi pia nina watoto waliokwenda."

Nikamgeukia mama. "Anasema ahsante kwa samaki."

Hivyo ndivyo walivyoagana. Mama alimfunika miguu kwa shuka, bibi akaitikia kwa kichwa. Njiani mama alisema, "Kumbe si mtu mbaya, ni kwamba tu hana maneno," na mimi nikasema ndiyo. Nilikuwa nimekaa kati ya watu wawili walionipenda, kila mmoja kwa namna ya kwao, na nilidhani hakuna hata mmoja aliyejua nilikuwa nimefanya nini. Sijawahi kujisikia peke yangu kama mchana ule, hata siku ya kata.

Bibi alifariki kabla sijafanya mtihani. Baba alikuja matangani siku ya nne, kutoka machimboni, na mwanamke ambaye hakuna aliyenitambulisha kwake. Alikuwa amepungua sana. Aliketi na wanaume. Nilimpelekea maji ya kunawa, nikachuchumaa, akanitazama kwa makini.

"Uko darasa la ngapi?"

"La saba."

"Vizuri," akasema, akanawa.

Nilisomeshwa na mama kwa dagaa, mpaka chuo cha uuguzi. Kwa miaka mingi sasa nimefanya kazi kliniki ya mama na mtoto, Bariadi. Zamani tulikuwa tukiletewa wageni wa kutoa semina. Walitufundisha tuwaambie kina mama wazungumze na mtoto, wamtazame machoni, wamwimbie. Ni mafundisho mazuri, nami nimeyarudia mara nyingi mbele ya benchi la kina mama. Lakini mara nyingine anakuja mwanamke wa Nkololo au wa Gambosi, amembeba mtoto mgongoni, hamtazami, hamsemeshi, anamgeuza kwenye mizani kama mzigo wa thamani, na mwenzangu wa ofisini, aliyekulia Dar es Salaam, ananong'ona kwamba huyu hana mapenzi na mtoto. Nimeshajaribu kumweleza. Huwa nashindwa njiani. Najua bibi alinipenda, na najua pia kwamba kuna kitu kwangu hakikukua kwa sababu hakuna aliyekisemesha. Yote mawili ni kweli, na sijui namna ya kuyasema kwa pamoja bila moja kulifuta lingine.

Mdogo wangu yuko Mwanza. Ni mcheshi, kila mtu anampenda, ameoa mara tatu. Hunipigia simu akiwa njiani kutoka mahali kwenda mahali, kwa sababu hawezi kutembea kimya. Mimi humsikiliza. Siku moja aliniambia, "Dada, wewe una bahati, unaweza kukaa peke yako."

Mama anaishi kwangu. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tunachambua mchele, nikamwambia habari za tafsiri ile. Nilimwambia yote, mwaka wa kunyamaza, viboko, maji. Nilisema nikiutazama mchele. Nilipomaliza, aliendelea kutoa mawe kwa kidole.

"Nilijua hukutafsiri sawasawa," akasema. "Yule mzee alisema maneno mengi, wewe ukasema matatu."

"Mbona hukuuliza?"

"Niliogopa ungeniambia."

Baadaye kidogo alisema kwamba kweli siku ile alikuwa na kiu, na kwamba alipofika barabarani aliomba maji nyumba ya kwanza, yakamshinda kumeza. Tulipika ule mchele.

Nina watoto wawili. Nimewalisha, nimewasomesha, nimekesha nao wakiumwa, najua uzito wa kila mmoja wao kwa kila mwezi wa miaka yao mitano ya kwanza. Wa mwisho, msichana, ana miaka kumi na miwili na analala chumba kimoja na mama yangu. Jumamosi asubuhi huwasikia wakiongea humo, mambo ya shule, ya majirani, ya filamu za kwenye simu, na kicheko cha mama kimekuwa kama kile cha marehemu dada yake. Jumamosi iliyopita niliwapelekea chai na mihogo ya kuchemsha. Nilipoingia walinyamaza. Hawaniogopi, najua. Ni kwamba mazungumzo yao hayana mahali pangu, na wote watatu tunalijua hilo na hatujui la kufanya. Binti yangu alisogea akanipisha kitandani.

"Kaa, mama."

Nilikaa kidogo. Niliuliza kama sukari imetosha, wakasema imetosha. Mama alinitazama kama mtu anayetafuta neno, halafu akachukua muhogo. Nikanyanyuka, nikasema nina nguo za kuanua, nikarudisha mlango. Nilikuwa nimefika kwenye kamba walipoyashika tena mazungumzo walipoyaachia, na nikaanza kuanua moja moja, polepole, nikisikiliza.